Shavu la Kushoto

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, Luteni Ansel Rudge alikuwa na kitu ambacho kila mpelelezi wa Los Angeles angekishukuru: mtu aliyekiri kosa bila kupigwa hata kofi. Tatizo la Rudge lilikuwa moja tu. Hakumwamini.

Mtu huyo aliitwa Clem Yoder. Alikuja mwenyewe Jumatano mchana, kwa miguu, amevaa suti yake ya pekee iliyopigwa pasi vizuri, akamwambia sajini wa mapokezi kwamba ndiye aliyechoma ghala la filamu la kituo cha televisheni Jumapili iliyopita. Katika moto ule alikufa Hobart Pruitt, mtunza filamu, mzee wa miaka sabini na mmoja, aliyekuwa amelala nyuma ya rafu huku amezima kifaa chake cha kusikilizia. Mtu akiwasha moto kwa makusudi na mwenzake akafa ndani yake, sheria ya California huita hayo mauaji, na kwa mauaji kuna chumba cha gesi. Saa kumi alasiri siku hiyo hiyo Clem angefikishwa mbele ya hakimu. Akiyarudia maneno yake pale, hakuna ambaye angeweza kuyafuta tena.

Rudge alifungua daftari.

"Tuanze upya, Bwana Yoder."

"Luteni, jana tulianza upya mara nne. Tukiendelea hivi nitaanza kukosea."

"Hicho ndicho ninachokingoja."

Clem alicheka kidogo. Alikuwa na miaka sitini, mrefu, nywele zake za fedha zimelazwa nyuma, na taya lake lilikuwa hasa taya la Lyle Carrick, nyota wa sinema. Taya hilo lilimlisha miaka ishirini. Kabla ya kamera kuanza kazi, wapanga taa huhitaji mwili wa kuumulika, na nyota hawezi kusimama saa mbili katika joto lile rangi za uso zikamyeyuka. Basi husimama mtu mwingine wa kimo kile kile na nywele zile zile, juu ya alama ile ile ya chaki. Taa zikikaa sawa, nyota huitwa, na yule mwingine huondoka. Tangu mwaka 1929, mtu wa kuondoka alikuwa Clem.

"Kwa nini uliwasha moto?"

"Kituo kilinunua *Wakili wa Bly*. Filamu bora kuliko zote alizocheza Lyle. Walikuwa waionyeshe Jumanne. Ni ya dakika tisini na nne, nao walitaka hamsini na mbili, ili wapate nafasi ya kuuza nta ya sakafu. Wakaamua kukata tukio la kitandani, mke wake anapokufa. Dakika nne hakuna neno linalosemwa. Walisema wanawake wakiona kimya wataondoka kwenda jikoni."

"Kwa hiyo ukaiba mikebe miwili yenye tukio hilo, ukachoma iliyobaki."

"Ndiyo."

"Kwa kiberiti?"

"Kwa kiberiti."

"Mlipotoka, wewe na mikebe yako, mlikutana na nani kwenye korido?"

"Hatukukutana na mtu. Jumapili saa sita mchana! Watu wako kanisani au kitandani. Korido ilikuwa tupu."

Rudge aliandika neno hilo moja, *tupu*, akalipigia mstari. Katika jalada lake kulikuwa na maelezo ya Odessa Mayhew, mwanamke anayefanya usafi katika jengo lile, ambaye wakati huo alikuwa akipiga deki hatua tatu kutoka mlango wa ghala. Alimwona mtu mrefu mwenye kofia akitoka na mikebe miwili ya mviringo kwapani. Alimpita karibu kiasi cha kukanyaga maji yake.

"Ulivua kofia yako?" Rudge aliuliza.

"Wapi?"

"Korido."

"Nivue kofia ya nini? Nilikuwa natoroka, Luteni, sikuwa naingia kanisani."

Rudge alifunga daftari. Polisi wengine waliwahi kumfuata mkata filamu wa kituo, aliyegombana na marehemu siku tatu kabla, hadi ilipothibitika kuwa Jumapili alikuwa San Diego kwa mama mkwe wake, akiteseka mbele ya mashahidi kumi na mmoja. Mwingine wa kufuatwa hakuwepo. Na Clem alipokuja, mikebe miwili ikakutwa chini ya kitanda chake. Kila kitu kilikaa sawa, ila ile kofia, na yule mwanamke ambaye Clem hakujua kama yupo.

"Simama, tunyooshe miguu," alisema Rudge.

Nje ya chumba cha mahojiano palikuwa na ujia mrefu, wenye dirisha moja juu karibu na dari. Saa ile jua lilipita pale na kuanguka sakafuni. Rudge alimwambia Clem aende hadi kwenye ndoo ya mchanga mwisho wa ujia, arudi. Sajini Boyle, mlinzi wa zamu, aliegemea ukuta akitafuna kijiti.

Clem alikwenda akichechemea, nyonga ya kushoto ikiinuka kila hatua. Farasi alimwangusha mwaka 1934, katika tukio ambalo Carrick hakutaka kupanda. Alipofika penye mwanga, akasimama. Hakuna aliyemwambia. Miguu ilijikusanya bila yeye kuangalia chini, mikono ikashuka, kidevu kikateremka kidogo, akatazama mbele kabisa, jua likimpiga machoni bila kupepesa. Akabaki hivyo.

"Anapigwa picha ya pasipoti huyo?" Boyle aliuliza.

"Clem," Rudge aliita taratibu. "Mbona umesimama?"

Clem alishtuka kama aliyeamshwa. "Nimesimama? Samahani. Ni kama farasi wa muuza maziwa. Akifika mlangoni husimama, hata kama maziwa yamekwisha."

"Na kwa nini unatazama mbele? Nilidhani watu wa filamu hutoa upande mmoja wa uso."

"Waigizaji ndiyo. Mimi siyo mwigizaji. Wapanga taa wanataka mashavu yote mawili, wapime kivuli. Ukigeuza uso tu, wanakutukania mama yako..."

Alikuwa ameelewa, sekunde moja baada ya kusema. Uso wake ukajifunga kama duka lililosikia fujo mtaani.

"Luteni," alisema kwa sauti ya chini, "ungaliniacha tu."

* * *

Kapteni Stroud alisikiliza habari yote huku akisaini karatasi nyingine.

"Shavu," alisema hatimaye. "Unataka nimpigie simu mwendesha mashtaka nimwambie shavu."

"Bi Mayhew anasema mtu yule alipofika chini ya kioo cha paa alisimama, akavua kofia, akageuza uso akampa shavu la kushoto. Halafu akavaa kofia akaenda zake. Mwizi gani anatafuta mwanga, Kapteni? Wenye kimo kile na taya lile, wanaosimama penye mwanga bila kujijua, ni wawili tu. Clem hutazama mbele."

"Na wa pili ni Lyle Carrick."

"Ndiye."

"Rudge, mke wangu anamtazama kwenye televisheni kila siku saa nane. Ana kiti maalumu. Nikimgusa Carrick nitakula chakula baridi hadi nistaafu." Akaweka kalamu chini, na safari hii hakuwa akitania. "Na shahidi wako ni nani? Mwanamke mweusi wa kupiga deki. Wakili wa Carrick atamla akiwa mzima. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo itakavyokuwa. Ukitaka nimwache mtu aliyekiri, niletee mwingine aliyekiri. Kwa mkono wake. Kabla ya saa kumi."

* * *

Odessa Mayhew alikuwa akimsubiri Rudge kwenye korido ya ghorofa ya pili. Kuta zilikuwa bado nyeusi hadi darini, na mlango wa ghala ulikuwa umefungwa kwa mbao. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini. Jua lilishuka kutoka kwenye kioo cha paa, likachora mraba mweupe katikati ya sakafu, kama lilivyofanya Jumapili.

"Una hakika hukumtambua, mama?"

"Luteni, nimesafisha jengo hili miaka sita. Wakubwa nawajua kwa viatu tu, majina yao siyajui. Sura siziangalii sana, maana sura zenyewe haziniangalii." Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. "Nyumbani sina televisheni. Na miwani nilikuwa nimeivua, maji ya deki yananirukia. Niliona mtu mrefu, nywele za fedha, taya. Ulinionyesha picha mbili, nikakuambia ni yeye mara mbili."

"Leo vaa miwani."

"Nimeshavaa. Na kama ni mtu mkubwa, kesho nitakuwa na kazi?"

Rudge hakutaka kumdanganya. "Sijui."

"Afadhali umesema." Akachovya deki lake ndani ya ndoo. "Bwana Pruitt alikuwa akiniwekea kahawa. Ndiye pekee. Mlete huyo mtu wako."

Lyle Carrick alikuja akinukia poda, tayari kwa kipindi, karatasi laini zimechomekwa kwenye ukosi wa shati zisipate rangi. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Studio ilimtoa nyuma ya kaunta ya duka la misumari huko Fresno, ikampa jina jipya, meno mapya na filamu arobaini na moja. Mwaka 1949, kumbi za sinema zilipoanza kuwa tupu, ikampa mkono wa kwaheri. Miaka sita alifungua maduka kwa kukata utepe. Kisha televisheni ikamwita: kila siku saa nane mchana aketi kwenye kiti cha ngozi, awaelezee akina mama filamu ya zamani, na kila baada ya dakika tisa aisimamishe auze nta ya sakafu. Wakati wa filamu watu walimwogopa. Sasa wanawake sokoni walimshika mkono na kumuuliza kama amekula.

"Luteni! Nina saa moja tu. Ni kweli Clem amesema mambo yale? Maskini Clem."

"Amesema. Hakimu atamsikiliza saa kumi. Nisaidie jambo dogo, Bwana Carrick. Shahidi anasema mtu alitoka mlango huu akaenda ngazi zile. Nataka kujua inachukua sekunde ngapi. Boyle wangu anatembea kama gunia. Wewe una kimo cha Clem na unajua kutembea."

"Hilo ndilo jambo pekee nililolijua," Carrick alisema, akatabasamu. "Nipe kofia."

Rudge alimpa kofia yake na mikebe miwili mitupu, akarudi nyuma akiwa ameshika saa. Odessa aliinamia ndoo yake ukutani, hatua tatu kutoka mlangoni, akaendelea kupiga deki.

Carrick alitoka mlangoni. Alitembea vizuri kweli, bila haraka, mikebe kwapani, akampita Odessa kiatu kikikanyaga ukingo wa maji. Alipoingia katika mraba wa jua mwendo wake ukakatika. Kisigino kikakaa. Mkono ukapanda wenyewe ukavua kofia, uso ukageuka kulia taratibu, na shavu la kushoto likabaki kwenye mwanga, limelainika, limepungua miaka ishirini, likimtazama mwanamke wa deki kana kwamba ni lenzi. Kisha akavaa kofia akaendelea hadi kwenye ngazi.

"Sekunde ngapi?" aliuliza kwa furaha.

Odessa alikuwa amenyooka, mikono yote miwili juu ya mti wa deki.

"Ndiye," alisema. "Na viatu ndivyo. Jumapili viliacha alama za maji yangu hadi kwenye ngazi."

"Huyu ni nani?" Carrick aliuliza.

"Bi Odessa Mayhew," Rudge alisema. "Umempita kila siku kwa miaka miwili. Jumapili ulimpita ukiwa na mikebe."

Carrick alimtazama Odessa, huenda kwa mara ya kwanza. Yeye hakuinamisha macho.

"Bwana Pruitt ana mke," Odessa alisema. "Anaitwa Lena. Nilidhani labda hukuambiwa." Akachukua ndoo yake, akashuka nayo.

* * *

Katika chumba cha kujipamba Carrick alimtoa nje mwanamke wa vipodozi, akafunga mlango. Mezani palikuwa na chupa sita za nta ya sakafu, zimepangwa tayari kwenda hewani. Aliketi mbele ya kioo.

"Kwa hiyo ni kofia."

"Ni shavu. Clem angetazama mbele."

"Shavu." Carrick alijigusa uso. "Mkataba wa mwaka 1931, kifungu cha tisa. Pua yangu ina kona upande wa kulia. Shavu la kushoto tu, kila mahali, hata hotelini, hata mazishini. Nililala miaka minne upande mmoja wa kitanda kwa ajili ya kifungu kile. Mke wangu wa kwanza alisema ameolewa na sarafu." Hakucheka. "Mwanamke wa deki hawezi kunifunga, Luteni. Unalijua hilo."

"Ninalijua."

"Na Clem amekubali mwenyewe. Sikumwomba."

"Alisemaje?"

Carrick alizungusha kifuniko cha chupa.

"Jumapili nilimpelekea mikebe chumbani kwake. Sikuwa najua habari za moto. Tukanywa kahawa. Jumatatu redio ikasema Pruitt amekufa. Clem akanipigia simu. Akasema, Lyle, wewe una wanawake milioni moja wa kukulilia. Mimi nina mama mwenye nyumba, naye atalilia kodi yake tu. Kaa kimya, mimi nitakwenda."

"Nawe ukakubali."

"Sikukataa."

Nje kulikuwa na mtu akisukuma kamera, magurudumu yakilia. Rudge alivuta kiti akaketi. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

"Moto ulianzia kwenye rafu," alisema, "kwa kimo cha kifua. Clem anasema kiberiti. Clem havuti hata sigara. Daktari wa mahabusu anasema mapafu yake ni ya mvulana."

"Nilihitaji mikono miwili," Carrick alisema. "Mikebe ilikuwa imebanwa chini ya mingine. Nikaweka sigara ukingoni mwa rafu, nikavuta. Ilipotoka nilifurahi kama mwizi wa maembe. Sigara niliisahau."

"Ukingoni mwa rafu ya filamu."

"Luteni, nimecheza filamu arobaini na moja, na sijawahi kuishika filamu kwa mkono. Hata mara moja. Hawakuturuhusu kuingia vyumba vile. Msichana wa chini kabisa katika chumba cha kukatia filamu angekuambia filamu ya zamani inawaka kama baruti. Mimi ndani ya filamu niliijua. Nje yake nilijua tu kwamba inang'aa." Akafunika macho kwa mkono. "Nilimsikia akikoroma."

"Nani?"

"Pruitt. Nyuma ya rafu. Nilitembea kwa ncha za vidole. Nilikuwa nikisema moyoni, mzee wa watu, amechoka, nisimwamshe. Ningeangusha mkebe mmoja tu, Luteni. Mmoja tu! Nilifanya kazi ile vizuri mno."

"Hakusikia. Alizima kifaa chake."

"Usinipe hilo," Carrick alisema. "Tafadhali. Ungenipa jana ningelipokea."

Rudge alingoja hadi yule mwingine alipoondoa mkono machoni.

"Leo asubuhi maabara ya polisi ilinionyesha mikebe ile. Dakika zako nne."

Kitu kikabadilika usoni mwa Carrick. Hata akijizuia, alikuwa mwigizaji anayengoja neno. "Basi uliona."

"Niliona. Umekaa kitandani, umeshika kikombe cha mgonjwa, hujui pa kukiweka. Sijui kama nimeona kitu kama kile. Halafu dakika ya tatu niliomba irudishwe. Mara mbili."

Carrick alishusha macho.

"Dakika ya tatu," Rudge aliendelea, "umepiga magoti kando ya kitanda. Kamera iko mgongoni. Mabega yanatikisika. Na nyonga ya kushoto iko juu kidogo, kama ya mtu ambaye farasi alimvunja miaka miwili kabla."

Mtu alipita koridoni akipiga mluzi.

"Studio ilisema nilikuwa na homa," Carrick alisema. "Nilikuwa nimelewa. Picha za karibu niliziweza asubuhi, mchana sikuweza hata kupiga magoti. Mwongozaji akasema, tupige mgongo, mtieni Clem. Clem alikuwa amemzika mama yake Jumatatu ya wiki ile. Hakuna aliyemwambia alie. Tulidhani atapiga magoti tu." Akapumua. "Magazeti matatu yaliyaandika mabega yale. Barua zilikuja kwa magunia. Nilijibu zote kwa mkono wangu. *Asante kwa kuuelewa uchungu wangu.*"

"Clem alisemaje?"

"Hajawahi kusema neno. Miaka ishirini na mmoja. Wala Jumapili nilipompa mikebe. Niliiba tukio lile liokoke, Luteni, nikajiambia naokoa jambo moja jema nililofanya. Clem aliifuta vumbi kwa mkono wa shati, akaniambia, umefanya vizuri kuileta." Sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Sasa anataka kuniigizia na hili, nami nimemwacha siku nne nzima. Nilisimama mbele ya kamera Jumatatu, nikaomba dakika moja ya ukimya kwa ajili ya Hobart Pruitt. Waliniambia ilikuwa nzuri sana."

Mlango ukagongwa. "Dakika arobaini, Bwana Carrick! Wanakutaka jukwaani wapime taa."

Carrick alisimama nusu, kama alivyosimama maisha yake yote aliposikia maneno hayo. Rudge alimwona akinyoosha shingo, akirudi nyuma miaka ishirini, akianza kupendeza. Luteni hakusogea. Sheria haikumpa chochote cha kumzuia. Nje ya mlango ule kulikuwa na wanasheria wa kituo, kampuni ya nta, na kiti maalumu cha mke wa Kapteni Stroud.

Carrick akaketi tena.

"Una kalamu?" aliuliza haraka. "Nipe sasa hivi. Nikitoka pale nje nitakuwa mzuri, Luteni. Nikishakuwa mzuri sitakuambia kitu tena."

Rudge alimpa kalamu na karatasi nne. Carrick aliandika kwa mwandiko wa duara, ule wa kusaini picha, akianza na sigara, kisha ule mkoromo, hadi karatasi zote nne zikajaa. Mlango uligongwa mara mbili nyingine. Mara ya tatu Rudge aliufungua mwenyewe, akaonyesha kitambulisho, akaufunga. Kisha Carrick alichovya kitambaa kwenye mafuta ya kujifutia, akaitoa rangi usoni yote, kwa nguvu, hadi ngozi ikawa nyekundu.

* * *

Saa tisa na dakika ishirini Kapteni Stroud alizisoma karatasi nne, akazisoma tena, akampigia simu mwendesha mashtaka. Hakuonekana mwenye furaha. "Kuua bila kukusudia," alisema alipoweka simu chini. "Na wizi. Na yule mwingine mtoeni kabla sijamshtaki kwa uongo."

Rudge alimkuta Clem Yoder mapokezi, akirudishiwa mkanda wa suruali na saa yake. Alikuwa amekasirika hasa.

"Nani kakutuma?" alisema. "Nilikuwa nimeshamaliza. Nilikuwa nimeshalala nalo, Luteni, nimelizoea."

"Ungekufa, Clem."

"Watu wanakufa. Yeye wapi?"

"Ndani. Wanamchukua alama za vidole."

"Alilia?"

"Hapana. Aliandika. Kwenye karatasi ya nne aliandika kwamba mgongo katika *Wakili wa Bly* ni wako. Hilo halikuwa na uhusiano wowote na kesi. Nilimwambia hivyo, akakataa kulifuta."

Clem aliacha kufunga mkanda. Alisimama hivyo, ncha moja mkononi, akitazama kaunta.

"Mjinga," alisema baadaye. "Sasa wataandika kwenye magazeti na nitalazimika kuhamia kwingine." Akafunga mkanda, akakosea tundu, akaufungua akaufunga tena. "Miaka mingapi, Luteni?"

"Hakimu ataamua. Mmoja. Huenda mitano. Leo atakaa hapa hadi apangiwe tarehe. Wiki, wiki mbili."

"Kwenye chumba kile nilichokuwa?"

"Kile kile. Mkewe wa pili hakuja kwenye simu. Kituo kimesema hakimjui tena. Kuna mtu mwingine wa kumwita?"

Clem aliitazama barabara kupitia mlango wa kioo. Magari yalipita, watu walipita, hakuna aliyegeuza kichwa.

"Hujamwelewa bado," alisema. "Wewe unaona mtu mkubwa. Huyu bwana hajawahi kungoja kitu chochote tangu mwaka 1929. Hajui inafanywaje. Walikuwa wanamwita kila kitu kikiwa tayari. Dakika kumi za kwanza atatembea, dakika ishirini ataongea na mlinzi, na baada ya saa moja ataanza kuogopa. Kungoja kulikuwa kazi yangu."

"Sasa uko huru. Nenda nyumbani ukale."

"Ndiyo," Clem alisema.

Alitoka hadi kwenye ngazi za nje. Rudge alidhani amekwenda. Lakini mzee yule alisimama pale kidogo, akageuka, akasukuma mlango akarudi ndani akichechemea. Kulikuwa na benchi la mbao mkabala na mlango wa mahabusu, la ndugu wa wafungwa. Akaliketi, akavua kofia akaiweka magotini.

"Mwambie niko hapa nje," alimwambia Sajini Boyle. "Mwambie achukue muda wake."